Somo la Kumi na Mbili: Kidonda cha Hofu

Soma kwanza katika Biblia: 1 Wafalme 19:1-18.

Kusudi la somo: Kujua ugonjwa unaowashika watu waliopita katika mambo ya kutisha, kujua kwamba unatibika, na kujua jinsi nyumba na kanisa vinavyoweza kumsaidia mgonjwa bila kumwongezea maumivu.

Ndugu wapenzi, katika masomo yaliyotangulia tumejifunza habari za malaria, za kuhara kwa watoto, na za kusafisha vidonda. Leo tunajifunza habari za kidonda cha namna nyingine. Hakitoki damu, hakina harufu, wala hakionekani kwa macho. Lakini kinauma, na kisipotunzwa kinaweza kuharibu maisha ya mtu na ya nyumba yake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Siku moja ya kupima watoto, akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mfanyakazi mmoja aliangusha chuma kirefu juu ya saruji. Mama mmoja akajitupa chini ya benchi na mtoto wake kifuani, akafunika kichwa kwa mikono. Alitetemeka, jasho likamtoka. Wengine walicheka. Mzee mmoja akasema, "Huyu ana pepo." Mimi nilikuwa na haraka, nikamwambia, "Mama, sahau mambo hayo. Mshukuru Mungu kwa kuwa unaishi." Nilifikiri nimemfariji. Akaondoka bila kumpima mtoto, wala hakurudi kwa muda wa miezi minne. Chanjo za mtoto wake zikapita.

Aliporudi, mtoto alikuwa amekonda. Safari hii sikumwambia neno la kumhimiza. Nilimpa kiti karibu na mlango, mahali anapoweza kuona nani anaingia na nani anatoka. Baada ya kitambo akasema, "Papa mganga, watu wanasema vita vilipita kijijini kwetu. Kwangu havijapita. Kila usiku vinaingia tena mlangoni."

Kwa maneno hayo mama huyu alinifundisha ugonjwa huu kuliko vitabu. Basi, tuuangalie vizuri.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Kwa Kiswahili tunauita ugonjwa wa kiwewe. Hapa kwetu Congo wengi husema "troma" kwa kufuata Kifaransa. Ni ugonjwa unaoweza kumshika mtu aliyeona kifo karibu, aliyepigwa, aliyelazimishwa kimwili, aliyetekwa, au aliyeona wengine wakitendewa hivyo mbele ya macho yake.

Sio ugonjwa wa watu wa Congo peke yao. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 huko Ulaya, askari wengi walirudi nyumbani wakitetemeka na kulia usiku. Wakuu wao waliwaita waoga. Vita vingi vilipita, na mwaka 1980 waganga wa Marekani waliuandika ugonjwa huu kwa jina lake katika kitabu chao cha magonjwa ya akili. Tangu wakati ule umejulikana ulimwenguni pote kuwa ni ugonjwa kweli.

Na sisi wa upande wa mashariki tunajua sababu zake. Vita vya 1996 na 1997, vita vya 1998 hadi 2003, mauaji ya Ituri, mambo waliyotendewa wanawake wetu mashambani. Mlima Nyiragongo ulitoa moto mwaka 2002 na tena mwaka 2021, watu wakakimbia wakiacha nyumba. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliingia Goma, kisha Bukavu. Watu wengine wamekimbia mara tano au sita katika maisha yao. Shirika la Afya la Ulimwengu, yaani OMS, lilitangaza mwaka 2019 kwamba katika nchi zenye vita, karibu mtu 1 katika kila watu 5 ana ugonjwa fulani wa akili au wa moyo uliojeruhiwa. Kwa hiyo mkikaa ishirini kwenye mabenchi ya kanisa, fikirini hesabu hiyo.

Lakini sikilizeni vema: si kila aliyeona mabaya anapata ugonjwa huu. Watu wengi huogopa, hulia, hukosa usingizi kwa siku au majuma, kisha hupata nafuu kwa msaada wa jamaa na majirani. Hiyo ni hofu ya kawaida. Tunasema ni ugonjwa wakati dalili zinapozidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi yake, kulea watoto wake, au kukaa na wenzake.

2. KWA NINI HOFU HAIONDOKI?

Fikiri juu ya zamu wa usiku katika kituo chetu. Kazi yake ni kukesha na kupiga kengele wezi wakija. Usiku mmoja wezi wanakuja kweli, wanampiga, wanaiba. Tangu siku ile zamu hana amani. Jani likianguka, anapiga kengele. Mbuzi akikohoa, anapiga kengele. Kituo kizima hakilali. Zamu huyu si mbaya wala si mvivu. Anajitahidi kupita kiasi, kwa sababu hajui kwamba usiku ule umekwisha.

Ndani ya ubongo Mungu ameweka zamu kama huyo. Ni kiungo kidogo sana, kinakaribia ukubwa wa haragi, kimoja kila upande wa kichwa. Kikiona hatari, kinatuma habari upesi katika mwili. Tezi zilizo juu ya figo humwaga maji yao katika damu; moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, mtu yuko tayari kukimbia au kupigana. Hiyo ni zawadi njema. Bila hiyo wengi wetu tusingaliokoka.

Kuna sehemu nyingine ya ubongo inayopanga kumbukumbu, kama karani anayeandika tarehe na mahali juu ya kila barua kabla ya kuiweka kabatini. Hofu ikizidi, karani huyo hawezi kufanya kazi vizuri. Kumbukumbu ya siku ile inabaki bila tarehe. Basi ikirudi, hairudi kama jambo la mwaka uliopita. Inarudi kama jambo la sasa hivi. Harufu ya moshi, buti la askari, sauti ya pikipiki usiku, hata mvua juu ya bati, inatosha kumrudisha mtu pale.

3. DALILI ZAKE

Dalili ziko katika mafungu manne.

Fungu la kwanza: jambo linamrudia. Ndoto mbaya usiku. Picha zinazoingia mchana bila kuitwa. Mtu anaweza kuona na kusikia kama vile yuko tena mahali pale.

Fungu la pili: anakimbia kumbukumbu. Hapiti njia ile, haendi shambani, hataki kusikia jina la kijiji, haongei habari ile hata na mke au mume.

Fungu la tatu: moyo na mawazo vinabadilika. Anasema, "Kosa ni langu." Anasema, "Sifai." Hapendi tena nyimbo alizozipenda. Anajiona mbali na watu hata akiwa katikati yao. Huzuni na haya vinakaa naye.

Fungu la nne: mwili unakesha. Anashtuka kwa sauti ndogo, hapati usingizi, hasira inamwaka upesi, hawezi kutuliza akili juu ya kazi moja. Wengi huja dispensari wakisema kichwa kinauma, moyo unapiga, tumbo linauma, mgongo unawaka. Tunawapa vidonge vya maumivu, wanarudi tena na tena. Ndugu wauguzi, mgonjwa akirudi mara nyingi hivyo nanyi hamwoni ugonjwa mwilini, mwulizeni kwa upole namna anavyolala usiku.

4. USICHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Mtu mwenye homa kali ambaye ghafula anasema maneno yasiyo na maana, au shingo yake imekaza, au haamki vizuri, huyo usiseme ni troma. Inaweza kuwa malaria ya ubongo au ugonjwa wa uti wa mgongo. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo mtu anayeanguka, anayekaza mwili na kutoka povu mdomoni, achunguzwe habari ya kifafa. Na mtu anayesikia sauti zinazomwamuru mambo siku zote, mganga amwone, kwa maana matibabu yake ni mengine.

5. JE, NI PEPO? JE, NI KUKOSA IMANI?

Hapa ninasema nanyi kama mhubiri, si kama mwuguzi tu.

Namjua shemasi mmoja, mtu mwaminifu. Baada ya vita hakuweza tena kushika kikombe cha Meza ya Bwana. Alikiona tu, mikono ikatetemeka, akatoka nje mbio. Watu wakasema, "Pepo aliye ndani yake anaogopa damu ya Yesu." Wazee wa kanisa lile wakamfungisha chakula siku tano, wakamwombea kwa kelele usiku kucha, wakimshika kwa nguvu. Akawa mbaya zaidi. Alianza kusema kwamba Mungu amemtupa.

Hakuna aliyemwuliza sababu. Alipoulizwa mwishoni, na mtu aliyejua kusikiliza, alijibu kwa maneno machache: ndugu yake alikufa mikononi mwake, na rangi ya kikombe ni rangi ile. Hakuichukia damu ya Yesu. Alikuwa akimlilia ndugu yake.

Sasa mtazame nabii Eliya. Juu ya mlima Karmeli alisimama mbele ya manabii wa Baali bila kuogopa. Kisha Yezebeli akaapa kumwua, naye akakimbia, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Sisemi kwamba Eliya alikuwa na ugonjwa huu. Nasema, tazameni jinsi Mungu alivyomtunza mtu aliyevunjika. Hakumkaripia kwa kukosa imani. Hakumfungisha chakula. Alimwacha alale. Malaika akamletea mkate na maji, si mara moja, mara mbili. Baadaye, pale Horebu, Mungu akamwuliza habari zake, akamsikiliza. Akamwuliza tena mara ya pili, na Eliya akarudia maneno yale yale, wala Mungu hakusema, "Umekwisha kuniambia hayo." Mwishoni akampa kazi ya kufanya, akampa Elisha awe mwenzake, na kumwonyesha kwamba hakubaki peke yake.

Usingizi, chakula, kusikilizwa, mwenzi, kazi. Yashikeni mambo hayo matano.

Tuombe pamoja na mgonjwa, ndiyo, akitaka, kwa sauti ya upole. Lakini kumfunga kamba, kumpiga, kumnyima chakula, kumpeleka kwa mfumu, au kumtangaza mbele ya kusanyiko, hayo yote ni kumjeruhi mara ya pili. Mtu mwenye mguu uliovunjika tunamwombea, tena tunamfunga mbao. Basi na huyu tumfanyie vivyo hivyo.

6. SIKU ZA KWANZA BAADA YA JAMBO BAYA

Watu wamefika kanisani usiku, wamekimbia. Tufanye nini? Mambo matatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha.

Kuangalia: Je, mahali hapa ni salama? Nani ameumia? Nani yuko peke yake? Watoto wasio na wazazi ni wangapi? Toa maji, uji, blanketi, mahali pa kulala.

Kusikiliza: Kaa karibu, useme jina lako, uulize anahitaji nini. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, kaa naye katika kunyamaza. Usimlazimishe kueleza mambo yote usiku ule. Zamani wengine walifikiri ni vema kila mtu asimulie upesi mbele ya wote. Sasa imejulikana kwamba kufanya hivyo hakuzuii ugonjwa, tena kunaweza kudhuru.

Kuunganisha: Msaidie kupata jamaa zake, habari za kweli, kituo cha afya, na watu wa kanisa lake.

Tena maneno haya usiseme: "Sahau." "Wengine waliteswa kuliko wewe." "Mungu alitaka hivyo." "Usilie, wewe mwanaume." Mimi nilisema moja la maneno hayo, na mtoto akakosa chanjo miezi minne.

Neno la haraka kwa mwanamke, msichana, au mwanaume yeyote aliyelazimishwa kimwili: afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Kuna dawa za kuzuia ukimwi zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa hizo. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku tano, lakini mapema ni bora. Hata kama siku hizo zimepita, na aje. Msaada mwingine upo. Asiulizwe kwa nini alipita njia ile. Kosa ni la aliyetenda.

7. MATIBABU YA MAZUNGUMZO

Mwezi umepita, nazo dalili hazipungui. Sasa mgonjwa anahitaji matibabu, na matibabu makubwa ya ugonjwa huu ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa.

Mtu mmoja aliniuliza, "Ulisema tusimlazimishe kusimulia. Sasa unasema asimulie. Ni lipi?" Swali zuri. Fikiri juu ya jipu. Ngozi imefunga juu, chini kuna usaha. Ukiliacha, linauma miaka. Ukilipasua sokoni kwa wembe mchafu, unaleta sumu katika damu. Lakini mwuguzi akilifungua mahali safi, kwa mkono uliofundishwa, kwa ruhusa ya mgonjwa, akaliosha kidogo kidogo, linapona. Likiisha kupona linabaki kovu. Kovu unaweza kuligusa bila kulia.

Ndivyo ilivyo. Mgonjwa na msaidizi wake wanakutana mara kwa mara mahali pa siri. Kwa mwendo wa mgonjwa mwenyewe wanarudi katika habari ile, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mambo mema yaliyokuwa kabla yake na yaliyofuata. Taratibu yule karani wa ubongo anaandika tarehe juu ya barua: "Hili lilitokea mwaka ule, mahali pale. Lilikwisha." Zamu naye anaanza kupumzika.

Njia nyingine ni kuchunguza mawazo yanayomfunga mgonjwa. Mama anasema, "Kosa ni langu, kwa kuwa nilikwenda shambani siku ile." Msaidizi hambishii. Anamwuliza, "Mama, ulikwenda shambani kutafuta nini?" "Chakula cha watoto." "Nani alishika bunduki?" Siku ile mama hajibu. Juma linalofuata anarudi na jibu lake mwenyewe.

Je, jambo hili linaweza kufanyika vijijini kwetu, ambako hakuna mganga wa akili? Ndiyo, na limepimwa hapa hapa mashariki ya Congo. Wanawake 405 waliotendewa ukatili walisaidiwa na wasaidizi wenyeji waliofundishwa, ambao si waganga. Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vijiji vingine walifuata njia hii ya kuchunguza mawazo: mkutano 1 wa peke yake, na mikutano 11 katika kundi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya kumaliza, wale wa msaada wa mmoja mmoja walibaki na ugonjwa wa huzuni au wa hofu watu 42 katika kila 100. Wale wa kundi walibaki nao watu 9 katika kila 100. Hata dalili za kiwewe zilipungua kwa namna hiyo hiyo. Wengi wao hawakujua kusoma, na vita havikuwa vimekwisha. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba dawa hii ni ya Wazungu au ya watu waliosoma tu.

8. HABARI YA VIDONGE NA YA POMBE

Vidonge vipo kwa baadhi ya wagonjwa. Mganga anaweza kuandika fluoksetini, sertralini, au paroksetini. Havifanyi kazi siku ile ile. Huhitaji majuma manne hadi sita. Mgonjwa asiviache ghafula kwa kuwa anajiona vizuri, bali amwulize mganga kwanza.

Diazepamu ni jambo jingine. Wengi huinunua sokoni ili wapate usingizi. Inalaza, lakini haitibu kiwewe, na mtu huzoea hata asiweze kuiacha. OMS inatuonya tusiitoe kwa ajili ya hofu ya mwezi ule wa kwanza.

Na pombe? Najua wanaume wengi waliokuwa hawanywi kabla ya vita. Sasa wanakunywa kasiksi jioni, kanyanga usiku, ili wasiote ndoto. Tusianze kwa kuwahukumu. Tujue wanakimbia nini. Lakini tuwaambie kweli: pombe inauahirisha usiku, haiuondoi. Usingizi wa pombe unakatika, ndoto zinarudi zikiwa na nguvu, hasira inaingia nyumbani, na mke na watoto wanapata kiwewe chao.

9. HOFU IKIJA GHAFULA

Mfundishe mgonjwa zoezi hili wakati ametulia, ili alijue wakati wa shida.

Kwanza, aweke miguu yote miwili chini na kuisikia ardhi. Pili, avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi kwa mdomo, mara kumi. Tatu, ataje vitu vitano anavyoviona: mlango, kikapu, jiwe, mwembe, kuku. Nne, aseme kwa sauti: "Jina langu ni fulani. Leo ni siku fulani. Niko mahali fulani. Jambo lile lilikwisha."

Aliye karibu naye asimshike kwa ghafula wala kumtikisa. Asimame mahali anapoonekana, amwite kwa jina, kwa sauti ya chini. Akiota usiku, mwiteni toka mbali kidogo mpaka aamke, ndipo mwashe taa.

Kazi za kila siku nazo ni dawa: kulima, kushona, kuimba katika kwaya, kutembea, kula kwa saa yake, kulala na kuamka kwa saa yake.

10. WATOTO

Mtoto hasemi, "Nina kiwewe." Anakojoa kitandani, naye alikuwa ameacha. Anamshika mama nguo kutwa nzima. Anacheza vita mchezo ule ule kila siku bila kufurahi. Anakataa shule, au anakuwa mkali. Msimpige kwa sababu ya kitanda. Arudishiwe utaratibu wake: chakula kwa saa, michezo na wenzake, shule, mtu mmoja anayemtegemea wa kumwimbia kabla ya kulala. Akiuliza habari ya mambo yaliyotokea, mjibuni kweli kwa maneno machache. Uongo humzidishia hofu.

11. WAKATI WA KUKIMBIA HOSPITALI

Mtu akisema anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, au akitafuta sumu au kamba, msiseme anatania. Mwulizeni wazi, "Je, unafikiri kujiua?" Swali hilo halimtii wazo moyoni, linamfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake. Ondoeni dawa za shamba, visu na kamba. Mleteni kwetu, hata usiku. Leteni pia mtu asiyekula wala kulala siku nyingi, mama asiyeweza kumnyonyesha mtoto wake, na yeyote anayetishia kuwaumiza wengine.

MWISHO WA HABARI

Mnauliza habari ya wale wawili. Yule mama alikutana na mama mwuguzi mwenzangu kila juma, kisha akaingia katika kundi la akina mama. Mtoto alimaliza chanjo zake. Siku za kupima watoto bado anachagua kiti cha karibu na mlango, nasi tunamwekea. Mwezi uliopita sahani ya chuma ilianguka. Alishtuka, akakaza macho. Kisha nikamwona anaangalia miguu yake chini, midomo inasogea, anahesabu vitu. Hakuingia chini ya benchi. Jirani yake akamshika mtoto mpaka alipotulia.

Yule shemasi alirudia kazi yake polepole. Mwaka mzima alipitisha mkate tu, na mwenzake akapitisha kikombe. Mchungaji aliliambia kanisa lisiulize. Siku ya Pasaka aliomba mwenyewe kushika kikombe. Mikono yake ilitetemeka kidogo, na kanisa likangoja.

Ndugu wapenzi, kungoja namna hii kila kanisa linaweza. Hakuhitaji dawa wala fedha.

MAULIZO

1. Taja mafungu manne ya dalili za ugonjwa wa kiwewe.
2. Hofu ya kawaida na ugonjwa vinapitana kwa jambo gani?
3. Ni mambo gani matano Mungu aliyompa Eliya?
4. Kwa nini tusimlazimishe mtu kusimulia siku ya kwanza, lakini tumshauri aende kwa msaidizi aliyefundishwa baadaye?
5. Mtu aliyelazimishwa kimwili afike kituo cha afya kabla ya saa ngapi? Kwa nini?
6. Katika kanisa lako, ni nani anayeketi karibu na mlango? Je, umekwisha kumsalimu?